Bahasha 36 za Katanga 1960–1963 nilizonunua kwa muuzaji wa Ubelgiji: nilichopata kwa euro 140

Wadau wa stempu na barua za zamani, nimekaa na hiki kifurushi karibu miezi miwili sasa, nimekipitia bahasha moja moja kwa lenzi, kwahiyo naandika nikiwa na uhakika na ninachosema. Niliona tangazo mtandaoni, muuzaji wa Ubelgiji (jina la duka naliacha), anauza bahasha 36 za Katanga, lile jimbo la kusini mwa Congo, za kipindi cha kujitenga, 1960 mpaka 1963, zote kwa mkupuo euro 140 na usafirishaji euro 24 juu. Picha zilikuwa sita tu na zote za upande wa mbele. Nikanunua. Kwa jumla naipa nyota 3 na nusu kati ya 5, na hiyo nusu imeletwa na barua moja tu ambayo nitaifikia huko chini.

Kwanini Katanga. Mi ni mtu wa Kigoma, saivi naishi Dar, na kwetu habari za ng'ambo ya ziwa hazikuwa habari za nje ya nchi, zilikuwa habari za majirani. Wabelgiji walikuwa na gati lao pale Kigoma na lingine hapa Dar, mambo ya mkataba wa 1921, mzigo wa Congo ulishuka Albertville (ndo Kalemie ya leo), ukavuka ziwa, ukapanda treni mpaka baharini. Babu alikuwa mpagazi bandarini na nyumbani kulikuwa na bati la biskuti limejaa bahasha za Congo zenye stempu za maua na vinyago. Lile bati lilipotea tulipohama nyumba, na mimi tangu hapo natafuta vitu vya aina ile. Ukienda kutafuta maelezo ya kukusanya barua za vita vya wenyewe kwa wenyewe, utakutana zaidi na za Marekani 1861 mpaka 1865, maana kule Kusini nao walijitenga wakatoa stempu zao zenye sura ya rais wao Jefferson Davis kuanzia Oktoba 1861, na bahasha zao zimeandikwa kila kona. Za Congo hazijazungumzwa hivo, na kwa Kiswahili ndo kabisa, ilhali hivi ni vita vilivyopiganwa katikati ya watu wanaoongea Kiswahili.

Kwa asiyekumbuka kisa chenyewe: Congo ilipata uhuru 30 Juni 1960, tarehe 11 Julai kiongozi wa jimbo hilo, Moïse Tshombe, akatangaza Katanga ni nchi peke yake, na shaba yake, na kampuni kubwa ya madini ya Wabelgiji nyuma yake. Hakuna nchi hata moja iliyoitambua rasmi. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Congo, aliuawa hukohuko karibu na Elisabethville (Lubumbashi ya leo) 17 Januari 1961. Mambo yakaisha Januari 1963 Tshombe aliposalimu amri. Hiyo miaka miwili na nusu Katanga ilikuwa na bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, ilikuwa na pesa yake, na ilikuwa na stempu zake, na barua zenye stempu hizo zilisafiri na zikafika japo nchi yenyewe kwa wengine ilikuwa haipo.

Sasa kifurushi. Kilifika baada ya siku 23, kimefungwa vizuri mno, kadibodi mbili ngumu, bahasha zote ndani ya mifuko, hakuna iliyokunjika pembe, hapo nampa muuzaji heshima yake kwa kweli. Lakini mifuko yenyewe ni ile plastiki laini inayonukia kama pazia jipya la bafuni, na hiyo ni mibaya sana kwa karatasi ya zamani hasa kwa joto letu la pwani, inatoa mafuta, inakula wino. Nilizihamisha zote siku ileile kwenye mifuko ya poliesta, ile migumu inayong'aa, isiyo na harufu. Ukinunua popote fanya hivo kabla hujafanya lolote, na usiweke albamu kwenye kabati lililogusana na ukuta unaovuja jasho wakati wa masika.

Nilipozipanga mezani nikapata hesabu hii. 19 ni bahasha zilizotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji. 2 si za Katanga kabisa. 2 zina chapa ya uongo, yaani neno KATANGA limepigwa juu ya stempu na mdanganyifu. 3 zimeng'olewa stempu au zimeliwa na maji. 10 ni barua za kweli zilizobeba maneno ya mtu kwenda kwa mtu. Yaani chini ya theluthi moja, na tangazo lilisema "barua za wakati wa vita" bila kubagua.

Hizo 19 sio feki, naomba nieleweke, stempu ni halali, muhuri wa posta ni halali. Ila unaziona tu: seti nzima imebandikwa kwenye bahasha moja kuanzia thamani ndogo mpaka kubwa, muhuri umegongwa kwa utaratibu kabisa pembeni ya kila stempu ili picha isichafuke, bahasha haijawahi kufungwa gundi, ndani hamna kitu, na anwani ni ya duka la stempu Ulaya. Nyingine za siku ya kwanza ya stempu kutoka, zile za sanamu za mbao za 1961, nyingine za maonyesho ya biashara ya Elisabethville mwaka huohuo. Ni nzuri kuangalia na zina kazi yake, maana zinakuonyesha ile serikali ilitaka ionekaneje nje, nchi tulivu yenye sanaa na biashara, wakati mitaani hali ni nyingine. Lakini stempu za Katanga zilinunuliwa sana na wakusanyaji wa Ulaya toka zinatoka, kwahiyo bahasha za namna hii zipo tele na bei yake ni ya chini. Usilipie bei ya barua ya vita kwa bahasha ambayo vita haikuigusa.

Mbili zisizo za Katanga ni za Kasai Kusini, ile dola ya Albert Kalonji pale Bakwanga (Mbuji-Mayi ya leo) iliyojitenga Agosti 1960, zina kichwa cha chui. Muuzaji kaziandika Katanga. Mi sikulalamika hapo, nilifurahi, ila inaonyesha hakusoma alichokuwa anauza, maana jina la Sud-Kasai limeandikwa palepale kwenye stempu.

Kwenye hizi mbili za chapa ya uongo nitakaa kidogo, ndo sehemu ambayo watu wengi wanaliwa hela. Katanga ilipoanza haikuwa na stempu zake, ikachukua zile za Congo ya Mbelgiji zilizobaki ghalani, za vinyago, za maua za 1952, za wanyama za 1959, ikapiga neno KATANGA juu. Neno moja, herufi za kawaida, kwa hiyo mtu yeyote mwenye kimashine kidogo cha kuchapa anaweza kuchukua stempu ya bei ya chini ya Congo na kuifanya ya Katanga. Namna ya kuikamata ni hii: weka lenzi ya mara kumi pale ambapo muhuri wa posta unakatiza herufi za KATANGA. Stempu ilichapwa neno kwanza, ikauzwa posta, ikabandikwa, ndipo ikagongwa muhuri, kwahiyo wino wa muhuri lazima ukae JUU ya wino wa neno. Ukiona neno limekaa juu ya muhuri, basi mtu alichukua bahasha ya zamani iliyokwishasafiri akaja kuipiga neno baadaye. Zangu mbili zilikuwa hivo, moja unaona hata kwa jicho ukiiinamisha kwenye mwanga wa dirisha.

Jingine ni tarehe. Kuna zile stempu za uhuru wa Congo zenye ramani, Katanga walizipiga maneno ya Kifaransa yanayotaja 11 Julai na dola ya Katanga, ili ule uhuru ulioandikwa kwenye stempu usomeke kuwa ni uhuru wa Katanga. Watu wakiona 11 Julai pale wanadhani ndo siku stempu ilipotoka. Sio. Hiyo ni siku ya tangazo, chapa yenyewe ilikuja baadaye. Kwahiyo mtu akikuuzia bahasha yenye neno KATANGA na muhuri wa Julai 1960 muulize maswali mengi kabla hujatoa pesa. Kinyume chake, bahasha ya Agosti 1960 kutoka Jadotville (Likasi ya leo) yenye stempu ya kawaida ya Congo ya Mbelgiji, haina chapa yoyote, watu wanaiona haina maana na kumbe ndo yenyewe, ni ile miezi ya mwanzo nchi imeshatangazwa ila posta bado inauza stempu za bwana wa zamani. Nilikuwa nayo moja kwenye hizi 36 na muuzaji aliiweka nyuma kabisa kama ya kujazia.

Nilimwandikia kuhusu zile mbili za uongo, nikampigia picha za karibu. Alijibu ndani ya siku moja, hakubisha, akarudisha euro 18 na akasema nibaki nazo. Huduma ya hivo siwezi kuisema vibaya. Nimeziandika nyuma kwa penseli kwamba chapa ni ya uongo ili siku mtu mwingine akizishika asidanganyike.

Haya, hizo 10.

Saba ni barua za ofisi, Elisabethville na Jadotville na Kolwezi kwenda Ubelgiji na moja Ndola (Zambia ya leo), kwa ndege, stempu za wanyama zenye chapa na zile za sanamu, pamoja na ile moja ya Jadotville isiyo na chapa. Sina mengi hapo, ni safi, zimechanwa juu kwa kisu cha barua kama ofisi zinavyofanya, malipo yanaonekana ni ya uzito wa barua na sio seti iliyopangwa. Kila moja peke yake ningelipa euro 8 mpaka 10 bila kusita.

Ya nane ina muhuri wa Elisabethville wa 12-9-61 kwenda Brussels. Nilipousoma ule muhuri nilisimama. Kesho yake asubuhi, 13 Septemba 1961, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalianza operesheni ile wenyewe waliita Morthor, na moja ya sehemu zilizopiganiwa pale mjini ni jengo la posta lenyewe pamoja na redio. Askari wa Kihindi walipigana na majandamu (askari) wa Tshombe kuingia humo. Siku tano baadae, 18 Septemba, ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ikaanguka karibu na Ndola akiwa anaenda kuonana na Tshombe kutafuta kusitisha mapigano, wakafa wote 16. Kwahiyo hii karatasi ilipita mkononi mwa karani pale kaunta siku moja kabla kaunta yenyewe haijawa uwanja wa vita. Sasa muuzaji kwenye maelezo yake kaandika "ilichelewa kwa sababu ya vita". Hapo simkubalii. Bahasha haina muhuri wa kufikia nyuma, haina maandishi ya mpokeaji, haina kitu chochote kinachosema ilifika lini. Inawezekana iliondoka na ndege ya jioni ileile ikafika salama, inawezekana ililala kwenye gunia wiki mbili. Karatasi haisemi, basi na muuzaji asiiseme badala yake. Tarehe peke yake inatosha kuifanya kitu cha kutunzwa, haihitaji kuongezewa chumvi.

Ya tisa ni ya askari wa India. Brigedi ya Kihindi ilikuwa Congo tangu 1961 na mapema 1962 posta ya India ikatoa stempu maalumu kwa ajili yao, zile ndogo zenye ramani ya India, zimepigwa maneno ya jeshi la Umoja wa Mataifa Congo. Muhuri wake hauna jina la mji, una namba ya posta ya jeshi tu, na hivo ndo inavyotakiwa iwe, jeshi haliandiki liko wapi. Imeenda kijijini Punjab, maandishi ya anwani ni mazuri mno, mtu alikaa akaandika taratibu. Kila nikiiona namkumbuka Kapteni Gurbachan Singh Salaria aliyekufa Elisabethville 5 Desemba 1961 na nchi yake ikampa nishani yake kubwa kuliko zote za vita, na wapo wengi waliokufa bila kutajwa na mtu, askari tisa wa Kiayalandi wa Umoja wa Mataifa pale Niemba, kaskazini mwa Katanga, Novemba 1960, Wacongo ndo usiseme.

Ya kumi sasa.

Ni bahasha ndogo ya bluu, ya bei ya chini, karatasi nyembamba unaona kidole upande wa pili. Muhuri wa Elisabethville, Februari 1962, inaenda Usumbura, ndo Bujumbura ya leo. Stempu ni ile ya sanamu ya mbao. Muuzaji kaandika tu "bahasha yenye barua ndani, lugha ya Kiafrika". Nikafungua, Kiswahili! Kiswahili cha Katanga, bintu, batoto, tuko, anamwita mwenzake yaya, kwa wenzetu wa kule yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa sio mlezi wa mtoto kama kwetu. Nilisoma kwa sauti pale mezani, mama yangu yupo jikoni akaja kusimama mlangoni kusikiliza. Majina na mtaa nimefunika na nitaendelea kufunika, watoto wanaotajwa humo huenda bado wako hai.

Mwandishi ni Mluba, wa kabila la Wabaluba. Anamweleza yaya wake kwamba wametoka nyumbani toka mwaka uliopita na wako kambini chini ya ulinzi wa UNO, yaani Umoja wa Mataifa. Hiyo kambi ilikuwepo kweli, Wabaluba makumi ya maelfu walikimbilia kwa Umoja wa Mataifa pale Elisabethville kuanzia 1961, maana chama chao cha BALUBAKAT cha Jason Sendwe kilipinga kujitenga na wao wakaonekana maadui ndani ya mji wanaoishi. Anasema mvua inaingia, batoto wanakohoa, unga wanapewa ila kuni ni shida, na kwamba barua hii amempa mtu anayeweza kutoka kwenda mjini akaitie posta. Halafu nusu nzima ya ukurasa ni salamu, mmoja mmoja kwa jina, vilevile kama barua tulizokuwa tunaandika sisi shuleni.

Nimekaa na kitu kimoja kwenye hiyo bahasha siku nyingi. Huyu mtu amefukuzwa nyumbani kwake na askari wa dola ya Katanga, na kwenye barua yake imebidi abandike stempu ya dola ileile ya Katanga, kwa sababu ndo iliyokuwa inauzwa kaunta na ndo pekee ingeifikisha barua kwa yaya. Kwenye zile bahasha 19 za kupendeza hiyo huioni. Pale stempu iko peke yake na fahari yake. Hapa stempu iko kwenye kona ya karatasi ya mkimbizi.

Muuzaji aliiona hii ni ya kujazia kwa sababu hakuweza kuisoma. Sisi tunaweza. Mtu wa Antwerp au Chicago anaweza kujua rangi zote za chapa na makosa yote ya uchapaji kuliko mimi, lakini barua ikiwa ya Kiswahili ndani yeye anaona mistari tu, na sisi tunasikia mtu anaongea. Ndo maana nawaomba mnaonunua msiishie kwenye stempu, mwombe muuzaji picha ya nyuma na ya ndani, mwambieni kabisa mnataka bahasha zenye barua, hata chafu, hata zilizochanika, hata zenye stempu ya bei ya chini kuliko zote.

Kuhusu gharama, ukitoa zile euro 18 nimelipa 146 pamoja na usafirishaji. Zile saba za ofisi zinarudisha kama nusu yake, ya 12-9-61 na ya Mhindi zinarudisha nyingine. Ile ya bluu siiuzi. Nitanunua tena kwa mtu huyu lakini kwa masharti: picha pande mbili za kila bahasha kabla ya kulipa, na maelezo aandike kinachoonekana tu. Nimeshamwandikia hivo na amekubali kwa kifurushi kijacho cha bahasha 12 za Albertville, anazo toka mnada mmoja wa familia.

Nilichomwambia aniangalizie kwanza ni bahasha yoyote yenye stempu ya Katanga mbele na muhuri wa Kigoma nyuma. Sijawahi kuiona hata kwenye picha. Mwenye nayo, au aliyewahi kuishika, au mwenye bati la biskuti la babu yake kabatini huko Ujiji au Mwanga ambalo halijafunguliwa muda mrefu, tafadhali aniandikie, na asibandue stempu kwenye bahasha kabla hatujaongea.